Nguo za Kuogelea za Hariri Nyekundu

Shida zangu zilianza mwaka 1972, nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Kabla ya hapo nilikuwa maskini tu, na maskini analala na kuamka anapotaka. Shida ni pale mtu mwingine anapokupangia.

Nilikuwa fundi wa barazani. Vijana wa sasa hawaijui kazi hiyo. Mhindi mwenye duka la vitambaa alikuwa anaweka fundi nje, barazani. Mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka, anapimwa, anarudi jioni kuchukua nguo yake. Nilikuja Kampala kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kenya, nikimfuata mume wangu aliyekuwa na kazi ya reli. Shule niliishia darasa la tatu. Kushona nilifundishwa na mke wa mwenye duka, mama mfupi mwenye mkono mzito. Ukipindisha mshono alikupiga vidole kwa rula ya mbao, kisha anakwambia fumua. Nilifumua mpaka nikawa naota nafumua. Cherehani niliyokalia, nyeusi, ya miguu, nilimlipa kwa kazi mpaka ikawa yangu. Hilo nataka lieleweke mapema. Ilikuwa yangu.

Mwaka ule Wahindi wakaamriwa kuondoka. Mama yule aliondoka na begi moja, akaniachia kidoleni subana yake ya shaba, ile ya kukinga kidole na sindano. Baada ya wiki chache duka likapewa mke wa afisa wa jeshi, mwanamke mrefu wa huko kaskazini, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu walio mbali. Alikuja na askari wawili. Akatazama rafu, akatazama mizani, akafungua droo, akatoka barazani akanikuta nashona kola. Akanihesabu pamoja na vitu vya duka.

"Na wewe?"

"Mimi ni fundi, mama."

"Ya hapa?"

"Ninakaa Kisugu."

"Siulizi unalala wapi. Nauliza, wewe ni ya duka hii?"

Nikasema ndiyo. Ningesema nini, na askari wamesimama pale? Lakini ndiyo ile niliivaa kwa miaka saba, na haikuwa na zipu.

Watu kama yeye mjini waliitwa mafuta mingi. Walipewa maduka yaliyojaa, wakauza kila kilichomo, wakashangaa rafu hazijijazi zenyewe. Vitambaa viliisha. Baada ya vitambaa zikaisha zipu, vikaisha vifungo, ikaisha lastiki. Sabuni na chumvi vilikuwa vitu vya kunong'onezana. Sokoni Kikuubo ungeweza kupata, kama ulijua wa kumuuliza na kama huyo naye alikuwa bado yupo.

Lastiki ndiyo iliyonifanya mtu. Nilinunua tyubu mbovu za baiskeli, nikazipasua, nikazikata kwa wembe uzi kwa uzi, nyembamba kama tambi. Mafundi wengine walijaribu wakashindwa kwa sababu waliutia mpira chini ya sindano. Sindano inautoboa, na mpira uliotobolewa ukivutwa mara tatu unakatika. Mimi niliushonea njia, nikaupitisha ndani kwa pini, nikafunga ncha tu. Kwanza niliupaka unga wa muhogo usishikane. Chupi nilizoshona miaka ile zilizidi ndoa nyingi kwa kushika. Sijisifu, nasema yaliyokuwa.

Mwaka 1976 mambo ya Wakenya yakawa mabaya. Mtu wa reli aliyefanya kazi na mume wangu alitoka kununua sigara, hakurudi. Mume wangu hakungoja zamu yake. Aliondoka alfajiri na shati mbili, moja juu ya nyingine, akaniambia, "Nikifika nitakaa kwa kaka yangu Malaba, upande wa kwetu. Wewe nifuate na mtoto. Usichelewe." Mtoto wetu, binti, alikuwa na miaka sita.

Usichelewe. Njiani kulikuwa na vizuizi vya askari, na mwanamke Mkenya mwenye mtoto na cherehani angefika cha kwanza tu. Njia ya uhakika ilikuwa moja, lori la yule afisa, mume wa mwenye duka mpya. Kila wiki lilibeba kahawa ya magendo kwenda mpakani, na hakuna askari aliyethubutu kulisimamisha, maana walijua ni la nani. Dereva wake alikuwa Mnubi mcheshi, mwenye meno yenye rangi ya mirungi. Alikuwa tayari kutubeba. Ila kiti kilikuwa cha mwenye lori, na ufunguo wa mwenye lori ulikuwa kwa mkewe.

Nikamwomba. Alikuwa amekaa ndani ya duka tupu anakula njugu.

"Unataka kwenda," akasema.

"Nataka kumpeleka mtoto kwa baba yake, mama."

"Sawa. Mimi siyo mtu mubaya. Kwanza nishonee watoto."

Akatoa kitabu cha picha, kile cha vielelezo vya mishono, kilichoachwa kabatini na wenye duka. Alikuwa amekunja ukurasa mmoja. Watoto wa Kizungu wamesimama kwenye mchanga. Wasichana wana nguo za kuogelea zenye marinda kiunoni, mvulana ana kaptula fupi ya kubana, wote wana kofia za jua za kitambaa hicho hicho, na vifuko begani vya kutia nguo mbichi.

"Hii," akasema. "Yote. Kuna siku ya watoto ya wakubwa, kwa bwawa ya hoteli. Watoto ya wengine watavaa chupi. Yangu watavaa hii."

"Na kitambaa, mama?"

Akaita askari. Askari akaleta sanduku la bati, na ndani ya sanduku, kwenye gazeti, kulikuwa na sari nyekundu ya hariri yenye ukingo wa dhahabu. Niliijua. Niliwahi kuishonea pindo. Ilikuwa ya harusi ya binti wa yule mama aliyenipiga vidole.

"Kata," akasema.

Na akasema pia cherehani ihamie nyumbani kwake, kilimani, juu ya Kisugu, ili nishone karibu na watoto. Askari wakaibeba jioni ile ile. Mimi nilirudi kulala kwangu. Kila asubuhi nilipanda kilima kwenda kuitembelea mashine yangu kama mtu anayemtembelea mfungwa, na mlangoni nilipekuliwa nikiingia na nikitoka, mpaka ndani ya nywele.

Hariri haivutiki. Kitambaa kisichovutika hukifanyi nguo ya kuogelea bila akili, mtoto hawezi hata kuinama. Nilishona njia nyembamba mgongoni, safu juu ya safu, nikapitisha nyuzi zangu za tyubu, kitambaa kikajikusanya kama uso wa bibi kizee. Ukimvalisha mtoto kinafunguka, akitoa pumzi kinamfuata. Mapajani vilevile. Bitana niliweka bafta nyeupe. Ukingo wa dhahabu nikaufanya mikanda ya mabegani. Vifuko nikavitia mifuko ya plastiki ya mkate kwa ndani ili maji yasivuje, na kofia nikazipa ukingo mpana, nikaukaza kwa turubai ya hema kuukuu la jeshi. Mwenye nyumba alikuja kuangalia kila saa. Alishika, akavuta, akaachia, akacheka.

"Hii mpira hailegei?"

"Hailegei, mama."

"Ikilegea mbele ya watu, utajua."

Kilichonitia hofu ni rangi. Nyekundu ya harusi hutoka. Nikamwambia nahitaji chumvi na ndimu za kuilowekea. Alinipa chumvi mfuko mzima, kitu ambacho mtaani kwetu kingefanya watu wapige magoti. Nikakiloweka kitambaa chote kabla ya kukata, nikakianika kivulini. Na kwa kuwa sikuamini, nikamalizia nguo ya msichana mkubwa kwanza, nikaomba ruhusa kuijaribu. Binti yangu na binti yake mkubwa walikuwa kimo kimoja. Nikamchukua wangu, nikateremka naye Ggaba, ufukweni mwa ziwa.

Mimi ni mtu wa ziwa. Utotoni tuliogelea uchi, kwa hiyo nguo ya maji kwangu ilikuwa kitu cha kuchekesha. Binti yangu aliingia ziwani amevaa hariri ya harusi, marinda yakaelea yakimzunguka. Wavuvi wakaacha kupakua samaki wao.

"Nnyabo," mmoja akaniita, "hiyo ni chambo ya samaki gani?"

"Ya mkwe," mwenzake akajibu. "Samaki hali hariri."

Binti yangu hakuwasikia. Aliruka, akazama, akaibuka. Nilimtoa, nikakamua pindo juu ya kitambaa cheupe, nikatazama. Hakuna kitu. Nikamrudisha majini, nikakamua tena. Safi. Nikapanda kilima kwa raha. Maji ni maji, nikajiambia. Mtu wa ziwa atafikiri nini kingine?

Siku ya wakubwa ilifika na jua kali. Nilichukuliwa pia, na uzi na sindano, ili kama kitu kingeachia nirekebishe hapo hapo. Nikasimama nyuma, karibu na vyumba vya kubadilishia nguo. Lori lilikuwa liondoke Ijumaa ile, na dereva alishaniambia nitandike blanketi kati ya magunia. Wanaume walikaa chini ya miavuli na glasi zao. Wanawake walikaa upande wao, wananyoosheana pete. Askari walizunguka ukuta mzima wa bwawa, wametazama nje.

Watoto wake watatu walitoka. Wanawake wakaacha pete zao. Sijisifu, lakini walionekana kama wametoka kwenye kitabu kile, ila hawa walikuwa wazuri zaidi, maana nyekundu inapenda ngozi yetu. Mama yao hakugeuza kichwa. Alikuwa anawasikiliza wenzake wakitazama.

Msichana mkubwa akaruka.

Maji ya bwawa yalikuwa na dawa. Mimi sikuijua dawa hiyo. Nilikuwa nimesikia harufu yake tangu tulipoingia, nikadhani ni sabuni ya sakafu.

Ilianza kama moshi. Moshi mwekundu ukatoka kwa yule mtoto, ukapanuka polepole, ukamzunguka. Yeye alikuwa bado chini. Tukaona wekundu tu, na nywele.

Nimezeeka, nimezika watu wengi, lakini kimya kile sijakisikia tena. Hakuna aliyepiga kelele. Wanaume walisimama na glasi mkononi. Askari mmoja aligeuka, akaona, akatazama pembeni haraka kama aliyefunzwa kutazama pembeni. Watu wazima wote pale walikuwa wanafikiri kitu kimoja, na hakuna aliyeweza kukisema, kwa sababu kukisema ni kukiri kwamba unajua maji ya nchi yetu yalikuwa yanabeba akina nani. Mama yake alikuwa amefika ukingoni. Mdomo ulikuwa wazi, sauti haikutoka. Mwanamke yule, aliyekuwa akiita watu kutoka kilima mpaka kilima.

Mtoto akaibuka. Akafuta macho, akatazama maji.

"Mama, tazama, mimi ni soda."

Mwanaume mmoja mnene akacheka. Alikuwa mkubwa wao pale, kwa hiyo wote wakacheka. Watoto wengine wakarukia ndani ya soda.

Mama yake alinishika mkono, akanivuta nyuma ya vyumba. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Unataka kuniua?"

"Hapana, mama. Maji ya hapa yana dawa. Ya Ggaba hayana."

"Nimeona mtoto yangu amekufa. Mbele ya hawa watu. Na sikuweza kulia, unajua? Nilifikiri, nikilia watauliza nalia nini."

Nilikuwa nangoja kofi au askari. Hapo ndipo wenzake watatu walipotokea, na mmoja ameshika mkononi nguo iliyolowa, imebaki rangi ya waridi, anaivuta mgongoni na kuiachia. Pwaa.

"Nani ameshona hii? Mtoto ameruka mara ngapi, haijalegea."

"Lastiki mmetoa wapi? Nairobi?"

"Mimi nataka nne. Rangi nyingine tu, dada, hiyo ya damu wacha."

Nikamwona akijikusanya kama kitambaa changu kwenye mpira. Mgongo ukanyooka. Sauti ikarudi.

"Ni fundi yangu," akasema. "Hashonei mtu bila mimi."

Palepale nilijua kwamba Ijumaa yangu imekwenda. Ningeshona ovyo angenifukuza, labda angenifunga. Nilishona vizuri, akanifungia.

Kesho yake nilipanda kilima nikamkuta anakunywa chai. Nilimkumbusha lori.

"Nimekumbuka. Mtoto aende."

"Na mimi?"

"Wewe bado. Una kazi ya watu." Akakoroga chai muda mrefu, na sukari ilikuwa imeshayeyuka. "Mimi pia niko hapa, fundi. Nani amekudanganya kwamba mimi naweza kuondoka?"

Hilo nilikuja kulielewa baadaye. Siku ile nililichukia tu.

Nilikuwa na muda mpaka Ijumaa wa kuamua kama ni mtoto peke yake au hakuna. Watu waliokula na kulala vizuri miaka ile, nje, huniuliza niliwezaje kumpakia mtoto wa miaka sita kwenye lori la magendo. Nawauliza wao, kiti kimoja kikitokea kwenye nyumba inayoungua, unakiacha kwa sababu hakiwatoshi wawili?

Nilimshonea kofia ya jua kwa vipande vya sari vilivyobaki. Safari hii niliviosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka havikuwa na rangi ya kutoa. Nikaweka kamba ya tyubu chini ya kidevu, kwa sababu juu ya magunia upepo ni mkali. Dereva alikuja kumchukua mchana, kweupe, maana vitu vya kificho miaka ile vilipita vizuri zaidi mchana.

"Dada, usiogope," akaniambia. "Kahawa yote niliyobeba imefika. Na hii haihitaji hata kukaangwa."

"Ukifika mkabidhi kwa baba yake mkononi. Si kwa mtu mwingine."

"Kwa baba yake mkononi. Akikataa namrudisha, naoa mama yake."

Binti yangu alikuwa amekaa kati ya magunia kama mama mkubwa, mikono magotini.

"Mama, wewe unakuja lini?"

"Nikimaliza kushona."

Sikumdanganya. Ila kushona hakukuisha. Wanawake wa wakubwa walileta mapazia, walileta magauni ya watu wasiojulikana, walileta hata bendera. Nikawa nashona za kuogelea, na kofia, na vifuko, kila moja nikiilowekea kwanza maji niliyochota bwawani kwa debe. Dereva alirudi wiki iliyofuata na ujumbe kwamba mtoto amefika na ameuliza kama kuna samaki. Huo ndio ujumbe niliokula miaka mitatu. Baadaye dereva naye hakurudi, na lori likapewa mwingine ambaye hakuongea.

Kila nilipomkumbusha mama yule kiti changu alisema bado. Mwishoni niliacha kumkumbusha, naye akaanza kukaa nami chumba cha mashine, anapitisha mpira kwa pini. Alikuwa na mkono mzuri. Nilimwambia afumue alipokosea, akafumua.

Mwaka 1979 mizinga ilisikika kutoka upande wa Masaka, ikakaribia. Asubuhi moja nilipanda kilima, nikakuta hakuna wa kunipekua. Milango wazi, kuku sebuleni. Walikuwa wamekwenda kaskazini. Cherehani yangu ilikuwa mahali pake, ila mkanda wake wa ngozi umetolewa, nadhani kufungia godoro. Nilikata tyubu, nikaunganisha, nikakanyaga. Ikazunguka. Nikaifungua vipande viwili, kichwa nikajitwika, miguu nikakodi mtu wa mkokoteni.

Njia zilipofunguka nilikwenda Kisumu, ambako walikuwa wamehamia. Mume wangu alikuwa na mwanamke mwingine, mwanamke mwema, sina la kumsema. Binti yangu alikuwa mrefu. Aliniamkia vizuri, kama wanavyofunzwa kuamkia wageni, kisha akamwita yule mwingine mama, kutoka jikoni, bila kufikiri. Nilikaa mwezi mmoja. Mtoto mwenye miaka tisa huwezi kumfumua na kumshona upya. Mwanamke yule hakumwiba, mimi ndiye niliyempakia. Nikarudi Kisugu kwa basi, na mpakani askari hakunitazama hata mara mbili.

Nilianza tena na cherehani ile. Nikashona sare za shule, nikauza Kikuubo. Shule zenye mabwawa zilipokuja, walimu wao walinikuta tayari nimejua mambo ya dawa. Sasa nakaribia kufa, na mali yangu ni hii.

Nyumba moja ya matofali Kisugu, vyumba vinne, bati jipya. Vyumba sita vya kupangisha nyuma yake. Kibanda kimoja Kikuubo, kwa jina langu. Cherehani za umeme tano na ile nyeusi ya miguu, inafanya kazi, mkanda ni tyubu. Subana moja ya shaba. Shamba la ndizi, dogo, njia ya Gayaza. Ng'ombe wawili. Kaburi nimeshalipia. Simu moja, ambayo binti yangu hupiga Jumapili baada ya kanisa. Ana wajukuu sasa, na huniita mama. Kofia moja ya mtoto, alinirudishia mwenyewe alipokuja kunitembelea. Kamba imekauka. Sijaibadilisha.